Wasomaji Sitini wa Sekela

Sekela aliwadharau wanachama wa ushirika wa kakao hata kabla hajawaomba anwani zao za barua pepe. Wanaume wazima, wanapangiwa bei na dalali, halafu wanamshukuru! Ndiyo maana, aliporudi Bujonde na shahada yake, aliamua kuwaelimisha. Kila Jumatatu angeandika jarida la barua pepe, peke yake, kwenye meza ya chakula ya mama yake. Likishapata wasomaji, wanunuzi wa kakao wangelipia matangazo.

Baba yake, mzee Asajile, alimpa muda hadi mwisho wa msimu.

"Msomaji mmoja tu akujibu. Asipopatikana, unakwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, kumsaidia shangazi yako kuuza vitenge."

Kwenye mkutano wa ushirika watu sitini walijiandikisha kwa mbwembwe, karibu kila mmoja akitoa kikaratasi chenye anwani yake.

"Anza na mimi, mwanangu," alisema mzee Ambwene. "Hiyo yangu ni ya siku nyingi, hata mkopo niliombea."

Mjane mmoja wa Ikolo, Tusajigwe, hakuwa na kikaratasi. Aliandika mwenyewe kwenye daftari la Sekela, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili. Sekela alibana kicheko.

Majuma saba yakapita bila jibu. Ila sifa alizipata.

"Tunasoma, mwanangu, ndaga!" Ambwene alimshukuru gulioni. "Ya wiki hii imenigusa."

"Ilihusu nini, baba?"

"Si... kakao?"

Sekela alirudi nyumbani akavitazama upya vile vikaratasi. Vyote hamsini na tisa vilikuwa na mwandiko mmoja. Aliufahamu: wa Dickson, mwenye steshenari.

"Nimewafungulia mimi," Dickson alikiri, bila kuacha kutoa fotokopi. "Mtu akija kuomba mkopo, namfungulia. Neno la siri ananiachia, yeye la nini?"

"Na barua zangu?"

"Nafuta, dada. Zinajaza."

Wajinga wakubwa, Sekela aliwaza njia nzima. Wameacha hadi funguo za barua zao dukani kwa watu! Alikuwa ameanza kupanga nguo za safari jibu lilipoingia kwenye simu. La Tusajigwe.

"Binti, umeandika kakao ivundikwe siku tatu. Nani kakudanganya? Ni siku sita, na uigeuze. Hiyo yako hata dalali mlevi ataitema. Kabla ya kufundisha, njoo ushike."

Akilificha jibu hilo, Karonga. Akilionyesha, aibu. Alimpelekea baba yake simu.

Mzee Asajile alisoma taratibu, akasoma tena.

"Siku tatu umezitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Na hapa nyumbani tunavundika siku ngapi?"

Kakao ndiyo iliyomsomesha Sekela, na idadi ya siku hakuijua.

"Haya. Umejibiwa, Karonga huendi," alisema baba yake, akimrudishia simu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Kesho asubuhi uko Ikolo. Na hilo jarida lako uliache hapa."