Mama Klachi Aliposikia Neno Chungu

Saa mbili asubuhi, gari jeupe la mafunzo linazimika katikati ya mlima. Nyuma yake lori linapiga honi. Mwanamke aliyeshika usukani analowa jasho.

“Waache wapige, honi zao hazimalizi mafuta yetu,” mwalimu wake anamwambia kwa sauti ya chini. “Kanyaga klachi. Vuta pumzi. Haya, taratibu.”

Gari linanguruma, linapanda.

Mwalimu huyu, mama wa watoto watatu, ndiye mwanamke pekee anayefundisha udereva katika chuo hiki. Wanafunzi wanamwita Mama Klachi. Miaka miwili iliyopita angefoka mpaka wapita njia wageuke.

“Nilikuwa moto wa kuotea mbali,” anasema akicheka.

Aliyemwambia ukweli ni mwanafunzi wake, mjane mmoja muuza vitambaa, ambaye anasali naye kanisa moja. Siku hiyo mjane aligonga nguzo ya mazoezi, na mwalimu akamfokea mbele ya wenzake. Mjane akazima gari, akavuta breki ya mkono.

“Mwalimu, Jumapili unatuimbia upole wa Yesu. Humu garini humpakii? Au kwa kuwa mimi mjane, sina wa kunitetea?”

Wanafunzi wakaangua kicheko.

“Jibu lilishafika kwenye ulimi, nikalimeza,” anakumbuka Mama Klachi. “Nyumbani nikamsimulia mume wangu, nikijua atanitetea. Akaendelea kupiga pasi shati lake. Hilo liliniuma kuliko maneno.”

Mwalimu akapiga magoti. “Nilianza kwa kumshitaki yule mama kwa Mungu. Kabla sijafika amina, mshitakiwa nimekuwa mimi.”

Kesho yake aliwakusanya wanafunzi wote uwanjani, akaomba radhi palepale alipomwaibisha yule mjane.

“Ukali nilikubali. Kudharau wajane, hapana. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama mjane. Nikamweleza mwanafunzi wangu hilo kwa upole, bila kumrudishia. Halafu nikamwambia, dada yangu, nikianza tena nishtue.”

Mjane akaifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kila sauti ya mwalimu ilipopanda, alikohoa. “Wiki za kwanza ungedhani anaumwa kifua!” anasema mwalimu.

Mjane alifaulu mtihani mara ya kwanza. Sasa anaendesha mwenyewe gari la vitambaa vyake.

“Nilitegemea anifukuze,” anasema. “Kumbe akanifundisha kwa bidii kuliko mwanzo. Nikiegesha mahali pembamba, naringa: mimi ni mwanafunzi wa Mama Klachi.”

Akiambiwa hayo, mwalimu hafichi furaha. “Najivuna, kwa nini nisiseme? Kazi hii naijua, na Mungu amenifundisha namna ya kuifanya.”

Mwezi ujao anaanzisha darasa la Jumamosi kwa akina mama waliovuka miaka hamsini. Mkuu wa chuo ameshamruhusu, na mjane ameahidi kuwa msaidizi wake.

“Wengi wao wameambiwa maisha yao yote kwamba hawawezi,” anasema. “Nataka wasikie sauti nyingine.”