Baba alitaka nikatwe kimeo, mama akataka nesi, babu akakimbia baraza

Marahaba wakuu, hata ambao hamjanisalimia.

Mimi bibi wa Kyela, shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo naongea tu, simu inaandika yenyewe. Haya yalinipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nimeona humu mzazi analalamika ex wake kakataa mtoto aende therapy. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mnadhani mmeanza nyie?

Enzi za Mwingereza, nina kama miaka saba, wazazi wangu waliachana. Mama akarudi kwao ziwani kufinyanga vyungu. Mimi nikabaki kwa baba, Ipinda.

Basi nikanyamaza. Miezi. Nasikia vizuri, sauti tu haitoki.

Baba, mwanaume wa maamuzi yule, akaona dawa ni kukatwa kimeo, kile kinyama cha kooni. Akaita fundi kutoka ng'ambo ya mto Songwe, kisu kimoja anakatia watu wote. Siku yangu ikapangwa Jumamosi.

Mama akasikia, akaja kwa miguu. Alishaongea na nesi wa misheni, nesi kasema huyu haumwi koo, ana huzuni. Aletwe kila wiki, acheze, aongeleshwe taratibu.

Baba akacheka. Mwendo wote huo kwenda kuongeleshwa? Kwani nyumbani hakuna watu wa kuongea?

(Wake wengine wawili alikuwa nao, maneno kweli yalikuwepo.)

Wakapelekana baraza la chifu. Baba kavaa koti zito, na joto la Kyela mnalijua. Akasema, "Huyu nimeshamuacha. Si mke wangu, si mkwe wa baba yangu. Ng'ombe nilitoa mimi. Mtoto wangu, na koo lake langu."

Wazee wanaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi mwenye koo.

Sasa, kati ya wazee wale alikuwepo babu, baba yake baba. Na kwetu Wanyakyusa, mtu na mke wa mwanae hawaonani uso kwa uso kabisa. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Ndiyo maana mama alikuwa anajibia nje, nyuma ya ukuta wa matete.

Aliposikia "si mkwe", akaingia. Taratibu, kama anaingia dukani.

Babu kumuona tu, shuka kichwani, karuka benchi, mlango wa nyuma huyo. Fimbo kaiacha.

Mama akamgeukia baba. "Kama mimi si mkwe, baba yako anamkimbia nani?"

Wazee wote macho kwenye ile fimbo.

Mimi nikacheka, wakuu. Kicheko kikatoka na maneno: "Babu, fimbo yako."

Ndipo chifu akakumbuka kuniuliza. Nikamwambia nataka nesi, kisu sitaki. Akamwambia baba, mzee wako mwenyewe bado anamuona huyu mkwe, basi na neno lake kwa mtoto lipo. Nesi.

Fundi wa kimeo akarudi na kisu chake kikavu.

Kwa nesi nilienda mpaka mpunga ukavunwa. Aliyenipeleka ni baba, kwa baiskeli, na njia nzima anawaambia watu wazo lilikuwa lake.

Nilichojifunza: mkiachana achaneni, mtoto hajamuacha mtu. Na kabla hamjagombania nani ana haki ya kuamua, muulizeni mwenye koo.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Mlioachana na mnavutana humu, njooni mseme, bibi nipo. Tangu siku ile ya baraza sijanyamaza.