Karatasi ya Kiingereza Jikoni kwa Bi Tokuda

Bi Tokuda Sumie hakuwa na ugomvi na Kiingereza. Kiingereza kilikaa kwao, yeye akakaa Kurashiki, na kwa miaka hamsini na mitatu hakuna aliyemsumbua mwenzake. Ugomvi wake ulikuwa na karatasi.

Karatasi yenyewe ilibandikwa mwisho wa Septemba, kwenye jiko la nyuma la duka kubwa linalotazamana na stesheni. Ilibandikwa juu ya sinki la kunawia mikono, ili mtu asiweze kunawa bila kuisoma. Ilikuwa na maneno thelathini ya Kiingereza ya kuzungumzia kazi ya pati-taimu, ile ya saa chache kwa siku: shifti, ofu, ovataimu, mapumziko, kumkava mwenzako akikosekana, kuchelewa, kuacha kazi. Chini ya kila neno palikuwa na herufi za Kijapani za kumsaidia mtu kulitamka, na chini kabisa maswali na majibu ya kufanyia mazoezi, wawili wawili.

Aliyeileta ni Meneja Hirose, kijana wa miaka thelathini na minne, suruali imenyooka kama rula. Alikuwa ametoka semina ya makao makuu.

"Duka letu lina wafanyakazi wa kigeni," alisema. "Mambo ya kazi tuzungumze nao kwa lugha ya kimataifa."

Jikoni wakatazamana juu ya barakoa zao. Walikuwa watatu. Bi Tokuda alikuwa wa vimanda na wali. Bi Ogino, mwenye miaka sitini na minane na ulimi wa kukatia kabichi, alikuwa wa karai la mafuta. Wa tatu ni Sarmila, mke wa mpishi mmoja kutoka Nepal, aliyekuwa akiponda viazi.

"Meneja," alisema Sarmila kwa Kijapani cha huko huko mkoani Okayama, kile cha kuvuta maneno kama bibi wa shambani, "mgeni ni nani hapa?"

"Ni wewe, Sarmila."

"Aa." Akarudi kwenye viazi vyake.

Kwa miaka mitano Sarmila alikuwa ameongea nao Kijapani, amegombana nao kwa Kijapani, amewasengenya wateja kwa Kijapani. Sasa kila asubuhi, robo saa kabla duka halijafunguliwa, walisimama mstari mbele ya sinki na kusoma kwa pamoja, yeye naye akisoma, ili waweze kuongea naye. Na wakati huo wali ulikuwa unapoa. Bi Tokuda alisoma akiutazama ule wali, na kila neno lilimpanda kichwani kama moshi.

"Kama ana nafasi ya kubandika makaratasi," alimwambia Bi Ogino, "si atengeneze lile friji linalovuja."

"Friji halipigi picha na makao makuu."

Lakini si karatasi iliyokuwa ikimnyima raha hasa mwezi ule. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba.

Siku hiyo palikuwa na mtihani wa leseni ya upishi, kule Okayama mjini. Ni mtihani wa mara moja kwa mwaka, na ili uruhusiwe kuufanya lazima uwe umefanya kazi jikoni si chini ya miaka miwili na mwajiri akupigie muhuri. Bi Tokuda alikuwa na miaka kumi na moja. Muhuri alipigiwa na meneja aliyetangulia, siku chache kabla hajahamishwa. Mwaka uliopita alilipia, akasoma, akachonga penseli, halafu usiku wa kuamkia mtihani mtu wa zamu akaugua homa, na Bi Tokuda akaja kazini. Mume wake alimwambia, "Mtihani si upo kila mwaka?" Hakupikiwa supu siku mbili, na mpaka leo hajui kwa nini.

Mwaka huu haukuwa wa kusogezwa. Bi Minagi, mwenye kiduka cha chakula cha mchana karibu na ofisi za mtaa, alikuwa anafunga mwezi wa tatu kwa sababu ya magoti. Alikuwa amemwambia Bi Tokuda waziwazi: jiko langu nitakuachia, pamoja na wateja na sufuria, lakini simwachii mtu asiye na leseni ukutani. Wajenzi wanaokula pale kila siku wameizoea, na mimi pia. Usipoileta, nampa binamu yangu anayeuza simu.

Basi tarehe ishirini Septemba, siku ya kuandika maombi ya shifti ya mwezi unaofuata, Bi Tokuda aliandika kwenye kikaratasi chake: tarehe kumi na nane, ofu. Akakitia kwenye boksi la biskuti juu ya kabati la meneja. Sababu hakuandika. Mtu akisema ana mtihani, watu watauliza amefaulu au la, na watauliza anataka leseni ya nini kama haendi popote. Afadhali anyamaze.

Siku nne baadaye meneja alikuja jikoni na ratiba mkononi.

"Bi Tokuda, samahani sana. Ile Jumamosi ya kumi na nane."

Sasa, kwa watu wa Bi Tokuda, neno "siwezi" hawamtupii mtu usoni. Unavuta hewa katikati ya meno, unainamisha kichwa upande, unaanza sentensi na kuiacha ikining'inia hewani. Mwenye adabu ataichukua ilipo, aombe radhi, aende zake. Bi Tokuda alivuta hewa. Akainamisha kichwa.

"Jumamosi hiyo, kwa kweli…"

"Najua, ni mapema. Saa kumi na moja alfajiri."

"Si mapema, meneja. Ni kwamba siku hiyo imekaa kidogo…"

"Shule mbili zina siku ya michezo. Masanduku ya chakula mia mbili arobaini. Wazazi wanafuata kimanda chako, Bi Tokuda, wala hawafuati kitu kingine. Nashukuru sana. Umenisaidia kweli."

Akainama mpaka kiunoni, akatoka.

Meneja Hirose alilelewa kwa adabu zilezile. Lakini katika miaka yake miwili ya umeneja alikuwa amegundua jambo: mtu akijifanya haoni sentensi inayoning'inia, mwenzake hana la kufanya. Alikuwa amepangia duka zima shifti kwa mtindo huo, na makao makuu wakamsifu kwamba dukani kwake hakuna malalamiko.

"Umekubali?" aliuliza Bi Ogino, hata hakugeuka kutoka kwenye karai.

"Sijakubali."

"Umekataa?"

Bi Tokuda akavunja yai.

"Basi umekubali."

Alijaribu tena wiki iliyofuata, kwenye mashine ya kugonga kadi za kuingia kazini. Safari hii alining'iniza sentensi tatu mfululizo. Meneja akazipita zote kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akasema, "Tutategemeana, Bi Tokuda." Njiani kurudi nyumbani Bi Tokuda alijikuta anaongea peke yake kwenye taa za barabarani, na mwenye baiskeli kando yake akamwamkia akidhani ni yeye aliyesemeshwa.

Jumatano kabla ya mtihani akaja Bi Kusaka wa makao makuu, ameshika ubao wa kuandikia, kutazama mazoezi ya Kiingereza yanavyokwenda. Wafanyakazi wote wa asubuhi walipangwa mbele ya sinki: wa samaki, wa mboga, wa kaunta, watu kumi na wawili. Meneja alikuwa amevaa tai mpya. Akapitisha macho kwenye mstari akitafuta mtu ambaye hatamwangusha, na macho yakatua pale yanapotua siku zote.

"Bi Tokuda. Tufanye swali la tisa."

Bi Tokuda akasogea mbele, akainua macho kwenye karatasi. Meneja akakohoa, akauliza kwa Kiingereza, kila neno peke yake kama anahesabu ngazi: unaweza kufanya kazi Jumamosi?

Chini ya swali la tisa palikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa ndiyo, naweza. La pili lilikuwa hapana, siwezi. Bi Tokuda aliyatazama. Kwa wiki tatu alikuwa ameyasoma yote mawili huku akifikiria wali. Sasa aliona kitu ambacho hakuwa amekiona. Jibu la pili halikuwa na mkia. Halikuanza na samahani wala halikuishia hewani. Lilikuwa fupi na kavu kama kibao cha kukatia nyama, na aliyeliandika ni makao makuu.

Akasema kwa Kiingereza, "Hapana. Siwezi."

Meneja akatabasamu. "Vizuri. Ila chukua jibu la kwanza, Bi Tokuda. La juu."

"Hapana," alisema tena kwa Kiingereza. "Siwezi."

Kule nyuma mtu wa samaki alikohoa kicheko akakimeza. Bi Kusaka akaandika kitu kwenye ubao wake. "Huyu ndiye wa kwanza leo kujibu bila kusita," alisema. "Katika maduka sita."

Meneja akamshukuru. Masikio yake yalikuwa yameanza kuiva.

Bi Kusaka alipoondoka tu, meneja alirudi jikoni. Bi Tokuda alikuwa kwenye vimanda, anakunja, na hakuinua kichwa. Alishajua kinachokuja, maana hata yeye alikuwa amejisemea: lile lilikuwa zoezi. Maneno ya kusoma ukutani hayamfungi mtu. Hata mwenyewe angeweza kulikana, na pengine lingekuwa jambo la amani.

"Bi Tokuda," alisema meneja taratibu, kwa Kijapani sasa, kile cha heshima, kilichopakwa asali. "Asubuhi ulinichekesha. Kwa hiyo Jumamosi, kama tulivyosema…"

Naye akaiacha ikining'inia. Alikuwa amegeuza mchezo.

Karai la Bi Ogino lilikuwa linanguruma, kisha likatulia, kwa sababu Bi Ogino alikuwa amepunguza moto ili asikie. Sarmila alishikilia mwiko juu ya viazi.

"Siwezi," alisema Bi Tokuda.

Kwa Kijapani. Halikuwa na hewa ya menoni wala kichwa upande. Lilimtoka vibaya, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, kama mtu anayemfukuza paka.

Meneja alirudi nyuma nusu hatua. "Huwezi?"

"Siwezi. Nina mtihani wa leseni ya upishi, saa nne asubuhi, Okayama. Niliomba ofu tarehe ishirini ya mwezi uliopita, iko kwenye boksi lako la biskuti."

"Mtihani?" Alionekana ameumia kweli, na hilo ndilo lililomkera zaidi Bi Tokuda. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia mara tatu."

"Hukuniambia. Ulisema kwa kweli, halafu ukanyamaza."

"Na wewe ulijua nimenyamazia nini."

Meneja akautazama mstari wa masanduku matupu, akamtazama Bi Ogino, aliyekuwa anamtazama bila kupepesa. "Nilijua," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtoto wa shule. Kisha, "Lakini mia mbili arobaini, Bi Tokuda. Nani atakunja?"

"Mimi nitamkava," alisema Sarmila. "Neno la kumi na mbili. Wali na viazi naviweza vyote. Vimanda siviwezi, kikaango kile kinanichukia."

"Mimi mkono huu umeisha," alisema Bi Ogino. "Meneja ana mikono miwili, tena mipya kabisa. Haijawahi kutumika."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kama ni mzaha. Bi Tokuda akachukua kikaango cha pembe nne cha akiba, akakipangusa mafuta, akakiweka kwenye jiko la pili.

"Funga aproni," alisema. "Na hiyo tai itie ndani ya shati."

Alimfundisha siku hiyo na Alhamisi na Ijumaa, baada ya zamu yake kuisha, na alimfundisha bila huruma. Meneja alimimina yai jingi, akalikunja likiwa bichi, akalikunja limekauka. Alhamisi aliharibu vimanda tisa, vikaliwa na watu wa kaunta wakiwa kimya. "Geuza," Bi Tokuda alikuwa akimwambia. "Sasa. Nimesema sasa, si ukishamaliza kuwaza." Meneja alijibu ndiyo, Bi Tokuda, jasho likimtiririka chini ya kofia, na mara moja akasema kwamba hakujua mkono unauma hivi. "Sasa unajua," alisema Bi Tokuda. Ijumaa jioni alitoa kimanda kimoja chenye umbo la kimanda. Bi Tokuda alikikata, akakitazama ndani, akasema watoto wana njaa baada ya kukimbia, watakula.

Nyumbani hakuweza kulala kwa hasira, na safari hii hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Miaka kumi na moja. Alihesabu Jumamosi alizozitoa, arusi ya mpwa wake, mazishi ya mwalimu wake, mtihani wa mwaka jana, na kila moja alikuwa ameitoa kwa kunyamaza katikati ya sentensi. Na neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Asubuhi alipanda treni ya saa mbili kasoro dakika nane, na penseli mbili na wali uliofinyangwa ndani ya mkoba. Simu ilikuwa imetetemeka mara moja tu, saa kumi na moja alfajiri. Ulikuwa ujumbe wa meneja, anauliza chumvi inaingia kabla ya sukari au baada. Akamjibu, akaizima.

Ukumbini alipewa kiti cha dirishani, nyuma ya kijana mmoja mpishi wa tambi aliyekuwa anatikisa mguu mpaka meza ya Bi Tokuda ikatetemeka.

"Kaka," alisema, "huo mguu uache. Siwezi kuandika."

Kijana akauacha. Msimamizi akasema wafungue karatasi, na Bi Tokuda akafungua.