Sikio la Kulia la Baba

Bunduki ile ile, mkono ule ule, asubuhi ile ile.

Mlio wa kwanza ulipasua hewa mpaka kunguru wakaruka. Mlio wa pili ukatoka kama mtu kapiga ngumi kwenye mto wa kulalia.

Hata mtoto wa miaka mitatu angegeuka kuuliza kulikoni.

Baba yangu hakugeuka.

Mie nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshajiandaa kugombezwa, maana nilijua kwa nini mlio wa pili uko vile. Ni mie niliyefanya. Lakini sikugombezwa, na mpaka leo natamani angenigombeza.

Naitwa Eufrazia. Kwetu ni Newala ila nimekulia Kimbiji, huku Kigamboni kwenye barabara za mashimo. Mie siyo muongeaji. Shule niliishia la tano. Mwalimu alikuwa akiniambia nisimame nisome, sauti haitoki, darasa zima linacheka. Siku moja nikaamua sirudi tena.

Mama alikuwa ameshafariki. Baba hakunichapa. Alisema tu, "Basi mama, utakuwa unaongea na mie."

Na kweli, nikawa naongea na yeye tu.

Jioni tukishakula nilikuwa namsimulia kila kitu. Nani kapita, nani kanuniana na nani, kuku gani kataga wapi. Baba ananiangalia mdomoni, hapepesi macho, kama vile maneno yangu ni kitu cha maana. Giza likianza kuingia ananikatisha, "Ngoja niwashe taa kwanza." Alinunua taa ya sola akaitundika juu ya kigoda changu. Juu ya kiti chake hakutundika kitu.

Nilijiona napendwa. Na nilikuwa napendwa kweli, hilo sijakosea.

Baba, mzee Gaspar kama walivyomwita, alikuwa mwindaji mwenye leseni. Kazi yake ilikuwa kuua nguruwe pori wanaofukua mihogo ya watu. Majirani zetu Waislamu wanamwita awaue, halafu nyama hawataki hata upepo wake, inapakiwa kwenda kwa wauza kitimoto wa Buguruni. Kila mtu anafurahi isipokuwa nguruwe.

Lakini miaka ishirini ya kupiga bunduki kuukuu siyo mchezo. Masikio yalianza kuondoka.

Miaka miwili nyuma tulikwenda hospitali moja Temeke. Baba aliingia kwa daktari peke yake, mie nikabaki kwenye benchi na kapu letu. Alipotoka alikuwa na karatasi ya Kiingereza, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na leseni.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo. Milio ikizidi nalo linaondoka. Tulitunze, mama."

Tulitunze. Mie nililichukua neno hilo kama mtu kanikabidhi mtoto.

Tangu siku hiyo nilikuwa nakaa upande wake wa kulia. Nikitaka kumwambia neno la siri, namnong'oneza sikio la kulia, naye anatikisa kichwa, "Sawa, mama." Porini akanifundisha tusiongee kabisa, eti nguruwe wanasikia. Namgusa mgongoni. Kidole kimoja, nguruwe yuko kushoto. Viwili, yuko kulia. Kiganja kizima, kuna mtu, usipige.

Sasa mwaka huu akatokea bosi Benson. Ana shamba kubwa karibu na ufukwe, na ndani yake kajenga vyumba vya wageni.

"Mzee Gaspar," alisema, "wageni wangu wanakuja kupumzika. Nyie mkipiga asubuhi wanadhani vita imeanza. Nimenunua bunduki mpya, ina kiwambo cha kupunguza sauti, na kibali ninacho. Nataka unichagulie risasi. Aina moja tu. Ifae kule msituni, ifae na hapa karibu na vyumba."

"Twende kwa Twaha," baba akajibu.

Twaha ni fundi bunduki wa Temeke, alishazoeana na baba zamani.

"Shikamoo mzee Gaspar. Hao nguruwe wako hawajaisha tu?"

"Marahaba. Wewe si hutaki kula, wataishaje?"

Wakacheka. Nilichokiona, na sikukielewa, ni kwamba Twaha alikuwa anaongea na baba polepole, uso kwa uso, anapanua mdomo kila neno. Nikadhani ni heshima.

Akaweka risasi mbili mezani. "Saizi ni moja, mzee. Ganda lile lile, magazini ile ile. Tofauti ni kichwa. Hii nyepesi inakimbia kuliko sauti yenyewe. Hata ufunge kiwambo, yenyewe inapasua hewa huko mbele, lazima isikike. Hii nzito inakwenda taratibu, haifikii mwendo wa sauti. Ukiwa na kiwambo unasikia kama mtu kafunga daftari."

"Na umbali?"

"Nyepesi, hatua mia na hamsini huna wasiwasi. Nzito, hatua hamsini. Ukizidisha hapo inashuka, halafu haina nguvu ya kumaliza."

Tukaenda uwanja wa shabaha kuzijaribu. Baba akapiga tano nyepesi. Kila akipiga anafumba macho, anakandamiza kiganja kwenye sikio la kulia.

Akapiga tano nzito. Puf. Puf. Kiganja hakikunyanyuka hata mara moja.

Moyoni nikasema, hii hapa. Mungu katuletea risasi yetu.

Bosi naye akasema, "Si tuchukue hii nzito basi? Imetulia."

Baba akatikisa kichwa. "Karibu na vyumba, sawa. Lakini nguruwe wako wanasimama ukingoni mwa msitu, hatua mia na zaidi. Nikimpiga na hii anaondoka na maumivu yake. Na nguruwe dume akishajeruhiwa, ogopa. Hapana, nipe nyepesi. Inafaa kote. Wageni watavumilia."

Twaha akainama kukusanya maganda. Huku ameinama akasema, "Na masikio yako, mzee?"

Baba hakujibu. Nikajua hataki kuzungumzia.

Bosi akachukua boksi moja la kila aina. Nyepesi ya kazi, nzito ya akiba.

Wiki mbili baba akapiga nyepesi. Kila asubuhi, kila mlio, kiganja sikioni. Mie nikawa nahesabu milio kama mtu anayeangalia mafuta yakipungua kwenye kibatari. Leo mitatu. Leo mitano. Nikawa najiuliza limebaki kiasi gani. Nikawa najiuliza likiisha, mie nitaongea na nani?

Kumwambia "baba, tumia nzito" nilijaribu. Mara mbili. Akasema, "Mnyama asiteseke, mama," mazungumzo yakaishia hapo. Mie siyo mtu wa kubishana.

Sasa kazi moja niliyokuwa nasaidia ni kufuta risasi kwa kitambaa, maana mchanga wa huku unaingia kila mahali, na kuzipanga kwenye magazini, kile kikasha chake. Najua sheria hairuhusu. Baba alikuwa ananiamini. Yeye anaangalia ile ya juu tu, anaigusa na kidole gumba, anachomeka magazini kwenye bunduki, tunaondoka.

Anaangalia ile ya juu tu.

Jioni moja baba yuko nje ananoa panga, nikapanga saba nzito chini. Juu yake nikaweka nyepesi moja.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mlio mmoja utalipiga sikio. Saba haitalipiga. Akishaona nguruwe wanaanguka na hizi hizi, atakubali mwenyewe.

Asubuhi, jua ndiyo linachomoza, tukawakuta. Jike na dume, ukingoni mwa msitu. Mbali kidogo. Nikamgusa kidole kimoja.

Mlio wa kwanza, jike akalala pale pale.

Dume akageuka. Mlio wa pili, ule wa mto wa kulalia. Nikaona dume anayumba miguu ya nyuma, risasi imempata chini, siyo pale baba anapopigaga. Akaingia kichakani.

Nikasubiri baba ageuke. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno: nisamehe baba, nilikuwa nalilinda sikio lako.

Baba akashusha bunduki, akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi vizuri, akaanza kutembea kuelekea kichakani.

Anatembea kama anayekwenda kuchukua mzoga. Kwake yeye risasi zote mbili zilikuwa moja.

"Baba," nikasema. Kwa sauti yangu hii hii.

"Baba, usiende."

Halafu nikapiga ukelele. Ile sauti iliyokataa kutoka darasani ilitoka yote siku hiyo. Vibarua waliokuwa upande wa pili wa mihogo waliisikia, wote wakasimama kuangalia. Baba alikuwa hatua ishirini mbele yangu, na hakugeuka.

Nikakimbia. Dume alitoka kabla sijafika.

Sitasimulia alichofanya. Ni paja, upande wa ndani. Vibarua wakaja na mapanga wakamfukuza, lakini damu ilishaanza kutoka kwa namna ambayo kitenge hakiizuii.

Pikapu ya bosi Benson ikaja. Wakamlaza nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu. Barabara ya Kimbiji mnaijua. Kila shimo anakunja uso, na mie namwomba radhi kwa kila shimo.

Nikajua hafiki.

Nikainama. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, lile nililokuwa namtunzia, nikamwambia yote. Kwamba nilibadilisha risasi. Kwamba sikutaka akose kunisikia. Kwamba ni mie niliyemuua, na kama anaweza anisamehe.

Baba akashika mkono wangu. Akasema, "Sawa, mama. Sawa."

Tulipofika kwenye lami mkono ulikuwa umeshalegea.

Hospitali nilikaa kwenye benchi, nimelowa damu, na huwezi kuamini, ndani yangu kulikuwa na kakitu kametulia. Nilikuwa najiambia, amekufa lakini amenisikia. Amenisamehe. Nitaishi na hilo.

Nesi mmoja, dada Bupe, akaja kuandika taarifa zake. "Mdogo wangu, mzee alikuwa na ugonjwa wowote? Mna karatasi yoyote?"

Nikampa ule mfuko wa plastiki. Akakunjua ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akasoma kimya.

"Pole. Alikuwa kiziwi kumbe."

"La kushoto tu," nikasema. "La kulia lilibaki kidogo."

Akarudia kusoma. Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa wameandika yote mawili, mdogo wangu. Hakuna kilichobaki. Ni ya miaka miwili iliyopita hii."

"Sasa mbona tulikuwa tunaongea?"

"Labda alikuwa anasoma midomo. Wapo wanaoweza."

Taa ya sola. Kigoda changu. "Ngoja niwashe taa kwanza."

Sikulia. Niliangalia tu ile karatasi.

Siku ya mazishi Twaha alikuja. Nikamfuata nyuma ya nyumba, na mie huwa simfuati mtu.

"Kaka Twaha, ulikuwa unajua?"

Akaangalia chini. "Nilijua. Alinikataza. Alisema, huyu mtoto duniani anaongea na mimi tu. Akijua sisikii atanyamaza moja kwa moja."

"Na kile kiganja? Kila akipiga anashika sikio."

"Lilikuwa linamuuma. Kuuma linauma, dada, hata kama halisikii."

Halafu akaniuliza, taratibu, "Ile asubuhi alipiga risasi gani? Polisi waliniletea bunduki niikague. Mle ndani zimebaki nzito. Mzee hakuwaga mtu wa kuchanganya."

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Polisi wameandika ajali. Bosi Benson ametafuta mwindaji mwingine, nasikia naye anatumia nyepesi. Twaha hajaniuliza tena, ila tukikutana ananiangalia mdomoni, kama anasubiri.

Kwa hiyo naandika hapa, maana kuandika hakuhitaji sauti.

Nililinda sikio ambalo halikuwepo. Na kwenye hilo hilo sikio ndiko nilikoombea msamaha. Baba alisema "sawa, mama" kama alivyokuwa akisema kila nikimnong'oneza, miaka miwili, bila kusikia hata neno moja. Macho yake yalikuwa yanaangalia juu, yananitafuta. Ningeinua tu uso wangu akaniona mdomo, angejua. Labda angenisamehe. Labda asingenisamehe. Lingekuwa jibu.

Nyie mnaosoma, kama kuna mtu mnadhani mnamsaidia kimyakimya, muulizeni kwanza anaumwa wapi. Na kama una neno zito la kumwambia mtu wako, usilisemee pembeni. Kaa mbele yake, kwenye mwanga, akuone unavyolisema.

Taa ya sola bado imetundikwa. Naiwasha jioni, nakaa kwenye kigoda changu. Kiti chake kipo pale pale, na mie sina neno.