Figo za Shangazi na Mafuta ya Alizeti

Shangazi yangu alipoanza kuvimba uso, Mwankoko nzima, kwetu Singida, ilimsifia kwamba amenawiri. Naye alizipokea sifa bila aibu, mpaka viatu vyote vikamkataa na mkojo ukaanza kutoa povu. Hapo nikaogopa, maana ndiye aliyenilea.

Hospitali kubwa ya Dodoma walimlaza kifudifudi, wakamchoma sindano mgongoni na kunyofoa kipande cha figo, chembamba kama uzi. Alilalamika siku nzima kwamba mbuzi akitolewa figo angalau watu wanakula, yeye kapunguziwa bure.

Majibu ya darubini yalipotoka, daktari alitugeuzia kompyuta tuone. Vichujio vya figo vilikuwa vimenenepa kuta. Ni ugonjwa asiokutana nao mara kwa mara, alisema, na aina hii ameiona kwa watu wanaopaka vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki. Mgonjwa akiacha mapema, figo zinaweza kupona. Asipoacha, ni mashine ya kusafisha damu.

"Mama, unapaka nini?"

"Mafuta ya alizeti. Tunakamua wenyewe."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Singida nzima tunapaka alizeti na tumebaki weusi vilevile. Yeye peke yake kawa wa manjano! Lakini nitamwitaje shangazi yangu mwongo mbele ya mwanamume mgeni? Kwetu hilo halifanyiki, hata kwa mgonjwa mahututi. Basi nikajifanya namfariji. Nikaushika mkono wake, nikaupapasa taratibu, nikaulaza mezani penye mwanga wa dirisha. Vidole vilikuwa vyeupe, vifundo vyeusi tii. Mkorogo haujawahi kushinda vifundo.

Daktari aliviangalia, kisha akaniangalia. Shangazi alinifinya paja chini ya meza mpaka machozi yakanilengalenga.

"Nikiacha, kweli nitapona?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nafasi ni nzuri, mama. Lakini uache leo. Hata kopo usibaki nalo."

Akafungua pochi, akatoa kopo lililoviringishwa kwenye leso. Moyo wangu ukatulia. Daktari akanyoosha mkono alipokee. Shangazi akalitazama kidogo, kisha akalirudisha kwenye pochi na kufunga zipu.

"Sitabaki nalo, daktari," alisema. "Nampelekea mke mwenzangu."