Maneno ya Mtani Niliyoyapeleka Mkutanini

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyopigiwa makofi kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sijaoa, kibarua wa gengi la reli mashariki ya Tabora. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, mkubwa na mdogo wakiitana ndugu. Mimi tangu utoto nilikuwa mtu wa kukaa nyuma. Shuleni, nilikoishia darasa la nne, mwalimu akiuliza swali niliinamia daftari hata kama jibu nilikuwa nalo. Ndiyo maana makofi yale yalinilevya. Naona haya kuyasimulia, lakini nimesikia juzi wewe na wenzako mkiulizana kuhusu mgombea wenu: "Huyu ni kabila gani?" Basi kaa unisikilize.

Kambi yetu ilikuwa nyumba kumi na mbili kando ya reli. Kazi ilikuwa kubadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayobeba reli, kushindilia kokoto na kukaza reli iliyolegea kwa jua. Kisima hakikuwapo. Kila Jumatatu treni ya mizigo ilituachia tangi la maji, na tangi lile lilikuwa na bomba lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao nyapara wetu, Kasubi, Mnyamwezi kama mimi.

Kasubi alikuwa anajenga nyumba mjini Tabora, mtaa wa Cheyo, na matofali aliyafyatulia nyuma ya nyumba yake pale kambini. Matofali yanakunywa maji, mwanangu. Jumatano haikupita tangi likawa tupu, na wanawake wakashika njia ya lambo, mahali ng'ombe walipokuwa wakinywa na kusimama humo humo. Mama yangu, aliyekuja kukaa nami baada ya baba kufariki, alikuwa mmoja wao. Alikuwa akichuja maji yale kwa kitambaa, tena mara mbili, na bado yalibaki na rangi.

Aliyelisema jambo hilo bila kuogopa alikuwa mmoja tu, Chilongani. Huyu alikuwa Mgogo, mtu mzima, hodari wa nyundo kuliko sisi sote. Tukipumzika alisema, "Ufunguo ukae kwa akina mama. Matofali yatasubiri mvua. Ndoo ya mke wangu inarudi tupu, na ya mama yake Kulwa inarudi tupu." Kulwa ndiye mimi.

Sasa nikueleze utani, maana wewe umezaliwa mjini na huenda umeuona kwa mbali. Babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani walipita Ugogo, nchi yenye shida ya maji, na Wagogo waliwatoza ushuru, ulioitwa hongo, kabla ya kuwaruhusu kuchota. Waligombana miaka mingi, wakachoka, wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mlangoni pako na huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi, na yeye ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wale.

Chilongani na mama yangu walikuwa hawaishi kutaniana. Siku moja adhuhuri alikuja kwetu, nyapara mwenyewe amekaa hapo kivulini pamoja na vijana wengine watatu.

"We Mgogo," mama akamwambia, "umekuja kuomba tena?"

"Nimekuja kuchukua ushuru wangu. Babu zako walikunywa maji yetu bure."

"Bure? Waliwaachia majembe, mkayala badala ya kulimia!"

Tulicheka. Chilongani akajifanya mkali, akanyoosha kidole. "Ngojeni nichaguliwe. Mnyamwezi hatakunywa tone la tangi lile mpaka alipe hongo kwa Mgogo!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akamwekea ugali. Hata Kasubi alicheka.

Kuchaguliwa alikokutaja ni kuingia kamati ya wafanyakazi. Magengi matatu yalitakiwa kumtoa mjumbe mmoja, na watu wengi walikuwa wanamtaja Chilongani. Kasubi naye aligombea. Siku tatu kabla ya mkutano aliniita nyuma ya nyumba yake, kwenye matofali.

"Kulwa, ulimsikia yule Mgogo alivyosema kuhusu maji?"

"Nilimsikia, ndugu nyapara. Alikuwa anamtania mama."

"Mimi sikuulizi alikuwa anafanya nini. Nakuuliza, alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Basi utasimama useme alivyosema. Wewe huna maneno mengi, watu watakuamini." Akaongeza, "Au wewe umeolewa Ugogo? Hii ni nchi ya nani, Kulwa? Mgogo atuongoze hapa hapa kwetu? Mimi nikipata, watu wetu watachota kwanza."

Hakunitisha wala hakunipa chochote. Maneno mawili, "watu wetu", yalinitosha. Nilikuwa kijana ambaye hajawahi kuitwa upande wowote, na leo mkubwa ananiita. Tena nilijiambia kwamba sitasema uongo, kwa kuwa maneno yenyewe yalitamkwa kweli. Hapo ndipo nilipojidanganya vizuri zaidi.

Mkutano ulifanyika kituoni Jumapili asubuhi. Watu wa magengi mengine mawili walikuwa wamejaa, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma wasiomfahamu Chilongani kwa karibu. Yeye alisema habari ya tangi na lambo, akaketi. Kisha Kasubi akanipa ishara. Nilisimama. Nilisema, "Ndugu wafanyakazi, nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema akichaguliwa, Mnyamwezi hatakunywa tone la maji mpaka alipe hongo kwa Mgogo." Sikusema kwamba tulicheka. Sikumtaja mama na ugali wake.

Pakazuka makelele. "Kumbe!" mmoja akapiga ukelele. "Anataka kuturudisha kwenye upagazi!" Nikapigiwa makofi. Nilimwona Chilongani akiniangalia. Angeweza kusema ulikuwa utani, na nadhani alitaka kusema, lakini aliona nyuso zile akabaki ameketi. Mikono iliponyooshwa, yake ilikuwa michache. Kasubi akapita.

Wiki ya kwanza Wanyamwezi tulichota kwanza, ndoo moja moja. Wiki ya pili nyapara akaanza kufyatua matofali ya jiko na ya ukuta, na tangi likaisha Jumanne. Akina mama wa Kinyamwezi walipomfuata aliwaambia wavumilie, maana nyumba ya ndugu yao ni heshima ya kabila zima. Wakarudi lamboni, wakamkuta huko mke wa Chilongani anachota, wakachota naye bila kutazamana.

Mwezi wa kumi, jua likiwa kali na lambo limebaki tope, mama akaanza kuhara. Nilimpakia kwenye behewa la mizigo mpaka Tabora, hospitali ya Kitete. Wauguzi walijitahidi, lakini mwili ulikuwa umeshakauka. Alinishika mkono akaniuliza kama Chilongani amepata habari. Nikamwambia amepata. Mimi sikuwa nimempelekea. Mama alifariki alasiri, nikamrudisha kijijini kwetu kumzika.

Chilongani alikuja. Sijui nani alimwambia. Alitembea kutoka kituoni, akafika na jembe begani, akawaamkia wazee, "Shikamooni," akavua shati akachimba. Alichimba tangu mwanzo hadi mwisho, akakataa kupokewa. Wazee walikuwa wanamngoja aanze. Mtani akichimba husema kaburi hili refu mno kwa mtu mbishi, husema marehemu alikuwa mlafi, na watu hupumua. Yeye hakusema kitu.

Mjomba wangu, asiyejua lolote, akamwita kwa sauti. "We Mgogo, leo umemeza ulimi? Dada yangu utamzika hivi hivi, kama hana watani?"

Chilongani akainuka kutoka shimoni, jasho linamtiririka. Alisema polepole, bila kunitazama. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa na utani na mama huyu. Ukapelekwa mkutanini ukapigiwa kura. Sasa kila ninalotaka kusema naliogopa."

Akarudi kuchimba. Mjomba akanigeukia mimi, akaona uso wangu, akaelewa pasipo kuambiwa. Mama yangu alizikwa kimya. Watu hawakula siku ile.

Nilipomaliza matanga nilirudi kambini, na katika mkutano wa kwanza wa kambi nzima, akina mama wakiwamo, niliomba kusema. Nikasema, "Maneno yale yalikuwa utani, nami nilijua. Ndugu Kasubi alikuwapo, naye alicheka. Mama yangu amekufa kwa maji ya lambo, na ufunguo hakuwa nao Mgogo." Safari hii makofi hayakuwapo. Kasubi aliniita msaliti wa kabila. Lakini mke wa kibarua mwenzangu Shija, Mnyamwezi, alisimama akasema anataka ufunguo, na mke wa Chilongani akasimama kando yake, halafu wengine. Kasubi alitazama nyuso zilezile zilizompa kura, akautoa mfukoni.

Chilongani alihamishiwa gengi la mbali mwezi uleule. Mwaka uliofuata nilimfuata huko kumwomba radhi. Alinikaribisha kiti, akanipa maji ya kunawa, akaniita ndugu, akanisamehe mbele ya watoto wake. Nilikaa kwake mchana kutwa na hakunitania hata neno moja. Sijawahi kuumizwa na heshima kama ile.

Mwanangu, usione aibu kuwa Mnyamwezi. Lugha yako, ngoma zako na makaburi ya babu zako ni vyako, vipende. Ila anapokuja mtu kukuomba kura kwa jina la kabila, nenda kwanza uani kwake. Tazama mke wake anachota maji wapi, na watoto wake wanasoma wapi, kisha tazama wewe unachota wapi. Anayechota pale unapochota, hata kama mnaamkiana kwa lugha mbili, shida yake ni yako na mtaitatua pamoja. Aliyeshika ufunguo huku anakuita ndugu wa damu, mwambie kwanza afungue. Tena usiyachukue maneno ya watu waliocheka pamoja ukayapeleka mahali pasipo kicheko. Kuyatoa ni rahisi. Kuyarudisha nimejaribu, nikashindwa.

Mungu akujalie kusema mkutanini lile unaloweza kulirudia mbele ya mtu uliyemtaja. Akupe wenzako wa kila kabila, wa kufanya nao kazi na wa kukuzika. Na akupe umri mrefu uwaone wanao wakiishi vizuri kuliko tulivyoishi sisi. Amina.