Chupa Niliyoichomeka Kwenye Boksi la Mama Achieng

Admin, naomba unifiche jina. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, mjane, naishi Kansanga, hapa Kampala. Kisa hiki hata marehemu mume wangu hakukijua chote.

Miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa mke mpya wa polisi wa kutoka kaskazini. Tulipanga chumba Kamwokya, tukigawana ukuta na Mkenya tuliyemwita Mama Achieng. Sabuni hakuna, chumvi hakuna, na mafuta ya kupikia ukiyapata ni ya magendo, huna pa kuyatia. Chupa tupu ilikuwa mali. Mama Achieng alizikusanya nyumba kwa nyumba, akaziosha kwa majivu, akajaza mafuta na kuuza. Kila nyumba aliiachia boksi, na kila akija alirudia yale yale: "Ya soda, ya bia, weka hapa. Maganda ya matoke hapana. Ya dawa hapana kabisa, mama. Moja tu inaharibu zote." Za dawa tulizifukia shimoni nyuma ya nyumba.

Siku moja mume wangu alileta dawa ya kunguni kutoka kazini, imetiwa kwenye chupa ya bia. Nilipaka kitanda chote, mimba ya miezi saba imenielemea. Kwenda shimoni nikaona uvivu. Nikaisuuza mara moja tu, maji tuliteka mbali, nikaichomeka katikati ya zile nzuri. Nilijiambia nitaitoa kesho. Kesho yake nikiwa sokoni, Mama Achieng akaja akazichukua.

Niliporudi nilikuta boksi tupu. Kwake ni hatua kumi. Sikwenda. Niliona aibu, nikasema moyoni, ataiosha.

Siku ya nne, asubuhi, gari la jeshi likasimama uani. Alishuka sajini aliyekuwa mteja wa mafuta wa Mama Achieng, na askari wawili. Mkononi ana chupa. Mkewe na watoto wake walikuwa hospitalini wanatapika povu.

"Nani ametuma wewe kuua watu ya serikali?"

"Afande, mimi nachukua chupa kwa nyumba za watu."

"Nyumba gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Achieng, binti yake wa miaka sita, ameng'ang'ania gauni langu. Mama Achieng alinitazama usoni, akatazama tumbo langu. Nilijua nikifungua mdomo wananibeba mimi, na mume wangu aliyetoa dawa kazini anafuata. Sikuufungua.

"Sikumbuki, afande," akasema.

Wakamtupa garini.

Mke na watoto wa sajini walipona. Mama Achieng alirudi baada ya wiki tatu, sikio moja limekufa, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikamlisha kwa mkono wangu huu. Neno sikusema. Naye hakuniuliza. Mwezi ule ule walihamia kwao Kenya.

Wiki iliyopita Achieng alinipigia simu, namba yangu kapewa na mtu wa kanisani. Mama yake bado yu hai! Jumamosi anamleta Kampala, anataka kuniona kabla hajafumba macho. Nililia kwa furaha. Ndipo akashusha sauti: "Mama, wewe ulikuwa jirani. Tumemwuliza miaka yote, anasema hakumbuki. Ile chupa ilitoka nyumba gani?"

Nikasingizia mtandao mbaya, nikakata.

Ndugu zangu, silali. Nikisema, nawapa watoto wake mtu wa kumlaani, na pengine namvunjia mzee siri aliyoamua kuitunza mwenyewe. Nikinyamaza, nitakaa naye meza moja, nimwangalie akishika kikombe kwa vidole vile, huku anabeba tena kosa langu. Wanafika keshokutwa. Mngekuwa nyinyi, mngesema? Na kama ni kusema, niwaambie watoto, au nianze na yeye peke yake? Nisaidieni mawazo, hata ya kunikaripia nitayapokea.